Matairi ya A/T au M/T kwa Hilux ya mizigo

Baada ya kutumia aina zote mbili kwenye Hilux yangu, inayobeba mahindi kutoka mashamba ya Iringa hadi Morogoro, nimeamua kubaki na A/T (all-terrain, matairi ya njia za kila aina). Matairi ya M/T (mud-terrain, ya tope), yenye meno makubwa yaliyoachana, hutema tope kadiri yanavyozunguka, na wakati wa mvua yalinivusha kwenye udongo wa mfinyanzi ambamo A/T yalijaa tope yakazunguka bila kushika. Sifa hiyo siyanyimi. Lakini kwenye lami huvuma mpaka mazungumzo hayasikiki, hunywesha gari mafuta zaidi, huisha upesi, na lami ikilowa hayashiki vizuri, jambo linalonitia hofu kubwa nikiteremka mlima Kitonga na gunia kumi nyuma.