Lenzi za zumu za kamera ya joto kwenye droni: uliza habari ya fokasi kwanza

Lenzi yangu ya kwanza ya zumu, yaani ya kuvuta picha karibu, ilinila hela hivihivi. Nilijaribu mezani, picha kali kama wembe, nikafurahi. Siku ya kazi ikashinda kwenye gari juani, jioni nikaifunga kwenye droni nikarusha kutafuta ng'ombe waliopotea, dakika za mwanzo safi kabisa, afu upepo ukaanza kuipoza na ng'ombe mmoja mmoja akawa donge jeupe, nikivuta zaidi ndo ukungu unazidi. Nikashusha nikafuta lenzi nikidhani vumbi. Wapi.

Iko hivi. Kioo cha kawaida hakipitishi mionzi ya maikromita 8 hadi 14 ambayo kamera hizi zinaiona, kwa hiyo lenzi nyingi ni za germaniamu, elementi inayong'aa kama chuma ila mionzi hiyo inaipitisha, na germaniamu ikipata joto au baridi kidogo tu inapinda mionzi tofauti. Lenzi rahisi ya germaniamu ya milimita 50, kila digrii moja ya selsiasi fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, inahama kama maikromita 7. Ukiwa f/1, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, nafasi yako ya kukosea ni kama maikromita 20 kila upande. Yaani digrii 3 tu umeshaharibu, na kutoka kwenye gari hadi hewani ni digrii ngapi? Kadiri unavyovuta ndo inazidi, yaani inakuangusha palepale unapoihitaji.

Kwa hiyo mambo ya uzito na pikseli ntayaacha, hayo kila mtu anayaimba. Mi napanga kwa fokasi.

Namba moja ni zumu ya mfululizo yenye sensa ya joto ndani na mota inayorudisha fokasi yenyewe. Hapa mi ni mtu wa kampuni ya Ophir na sifichi, wanatengeneza lenzi nyepesi makusudi kwa ajili ya droni. Ila soma vizuri, baadhi ya lenzi zao ni za kamera zinazopozwa, zile ambazo sensa yake inawekwa kwenye baridi kali, za maikromita 3 hadi 5, ukiifunga kwenye kamera yako isiyopozwa umeumia. Na gimbali, kile kishikilio kinachotuliza kamera, uisawazishe lenzi ikiwa imevutwa nusu, manake vioo vikisogea uzito nao unasogea.

Namba mbili, lenzi ya hatua mbili, pana na nyembamba basi. Haina mbwembwe, lakini sehemu za kurekebisha ni chache, na kwa kutafuta watu au mifugo inatosha kabisa.

Namba tatu, lenzi isiyovuta kabisa ya kalkojenaidi, kioo maalumu kinachopitisha mionzi hiyo, kama GASIR ya Umicore au za LightPath, hicho kioo hakiyumbi na joto kama germaniamu. Kuvuta utavuta kwa programu, ila ujue sensa ya pikseli 640 kwa 512 ukivuta mara 4 unabaki na 160 kwa 128.

Za bei rahisi za kuzungusha kwa mkono? Droni ikiwa juu nani atazungusha? Tupite.

Sa wauzaji bana. Mtu anakuandikia "zumu mara 32" herufi kubwa, yote ni ya programu, ukiuliza ya lenzi yenyewe ni mara ngapi anakuwa mkali. Afu tangu China ianze kudai vibali vya kusafirisha germaniamu nje, Agosti 2023, kila bei ikipanda jibu ni hilohilo, hata kwa mzigo uliokuwa stoo kabla ya hapo, hata kwa lenzi ya kalkojenaidi ambayo we muuzaji mwenyewe umeandika haina germaniamu!

Juzi nimemwandikia mmoja, nikamwomba picha mbili tu, lenzi ikiwa imevutwa mwisho, moja kwenye digrii 5 na nyingine kwenye 45, bila kugusa fokasi. Kanitumia picha ya boksi.