Makumbusho ya Livingstone Ujiji: msiishie kwenye sanamu

Wadau naomba niongelee makumbusho ya Ujiji, hapa Kigoma, pale Stanley, mwandishi wa habari, alipomkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa anatafutwa, maana naona watu wanaenda pale wanapiga picha na zile sanamu zao wawili wanavyosalimiana, wanapost, wanarudi zao mjini, na hapo ndo wameona robo tu ya kitu chenyewe. Sanamu ni kubwa na watoto wanazipenda kweli, ila utamu uko nje.

Anzeni na mnara chini ya miembe. Una ramani ya Afrika ikiwa na msalaba, na tarehe iliyoandikwa ni 10 Novemba 1871, hiyo ni hesabu ya Stanley, lakini kwenye shajara ya Livingstone mwenyewe siku hiyo inaangukia mwishoni mwa Oktoba, maana hesabu zao za siku hazikulingana. Mimi napenda sana hako kadetali, yaani tukio maarufu hivyo halafu hata tarehe haina uhakika! Ule mwembe wa wakati ule ulishakufa zamani, iliyopo inasemekana imetokana na vipandikizi vyake, kwahiyo mkikaa kivulini muulizeni mwongozo awaonyeshe. Pembeni kuna kibao cha Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza waliofika Ujiji 1858, miaka 13 kabla ya Stanley, na watu wanakipita tu kama hakipo.

Kitu kingine, ukisimama pale ziwa liko mbali kidogo na unajiuliza hawa jamaa walikuwa wanakaa ufukweni kivipi. Jibu ni kwamba enzi zile Tanganyika ilikuwa imejaa zaidi, mto Lukuga unaotoa maji kwenda upande wa Kongo ulikuwa umeziba, ulipokuja kufunguka mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakashuka mita kadhaa na ufukwe ukasogea. Tembeeni mpaka chini muone, na mkifika huko kuna mafundi wanaunda maboti ya mbao kwa mkono, msumeno na nyundo basi. Simameni muangalie wanavyoziba nafasi kati ya mbao na mbao kwa pamba, wanaishindilia taratibu mpaka maji hayana pa kupita, hiyo peke yake inatosha safari.

Sasa ombi langu kwa kila anayeenda: mwambieni mwongozo awasimulie habari za Susi. Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, ndo aliyetoka mbio kumpokea Stanley, na Livingstone alipofariki 1873 kule Zambia ya leo, yeye na mtumishi mwenzake Chuma na wengine ndo waliobeba mwili kwa miguu, wakapita Tabora, mpaka Bagamoyo. Hawa ndo walioifanya kazi yenyewe, mtoto wa Kigoma anatakiwa amjue Susi kabla hajamjua Stanley. Na ulizeni habari za Nyangwe pia, soko lililokuwa Kongo ya leo ambako watu waliuawa na wafanyabiashara wa watumwa Julai 1871 mbele ya macho ya Livingstone, akayaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea maana karatasi zilimuishia. Barua yake ilisafiri na Stanley kutoka hapa, ikasaidia kushinikiza soko la watumwa Zanzibar lifungwe 1873. Ukishalijua hilo, maelezo ya njia ya watumwa mle ndani unayasoma kwa moyo mwingine kabisa.

Kufika ni rahisi, daladala za Ujiji zinatoka Kigoma mjini, konda mwambie Livingstone atakushusha, kisha unatembea kuelekea ziwani. Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni, bebeni chenji. Nendeni asubuhi jua halijawa kali, mwongozo naye anakuwa na muda wa kuongea. Mkitoka hapo njaa ikiuma tafuteni mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo, na kama mna chupa chukueni na mawese kabisa, ya Kigoma ni mengine.