Injini ya boti yangu ya tanga: nilitaka kuitengeneza, nikaishia kununua mpya

Nilipochomoa kijiti cha oili nikaona kimetoka na kitu mfano wa chai ya maziwa, nilijua maji yameshaingia. Na sehemu ya lawama ni yangu. Injini, dizeli ya silinda mbili yenye umri sawa na mwanangu mkubwa, ilikataa kuwaka, nami nikaendelea kuipiga starta mara kumi na kitu huku vali ya maji ya bahari iko wazi. Maji hayo ya kupoza hutoka pamoja na moshi; isipowaka hakuna moshi wa kuyasukuma yatoke. Pampu inazidi kuyavuta, yanajaa kwenye sailensa, kisha yanarudi hadi kwenye silinda.

Fundi wa kwanza alimulika tochi tu. "Bosi, hii imekwisha, nunua mpya." Hakufungua hata nozeli moja, kile kifaa cha kunyunyizia dizeli ndani ya silinda. Nampa nyota moja, na hiyo ni ya kufika kwa wakati.

Wa pili alimwaga oili, akatoa nozeli, akaizungusha injini kwa mkono mpaka maji yakaruka nje, akabadilisha oili mara tatu. Ikawaka! Mimi nilikuwa tayari kulipa na kuondoka. Yeye hakuridhika, kwa sababu moshi mweupe haukuisha hata ilipopata moto. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: silinda moja bar 27, nyingine 17. Akaomba ruhusa ya kufungua hedi, mfuniko wa juu ya silinda.

Injini ile ilipozwa kwa maji ya bahari yanayopita moja kwa moja ndani ya bloku. Akaingiza bisibisi kwenye njia ya maji kando ya silinda dhaifu, na chuma kikamomonyoka kama biskuti iliyolowa. "Ringi nitakuwekea, hedi nitachonga," akasema, "lakini ukuta huu siwezi kukurudishia." Hapo ndipo nilipoamua. Ingekuwa ni ringi, beringi na gasketi tu, ningefanya oveholi (kuifungua yote na kuifufua) bila kusita, maana injini ya zamani inarudi palepale ilipotoka, kila bolti inajua tundu lake.

Mpya haijui. Miguu yake haikukaa juu ya msingi wa zamani, ikabidi msingi uchongwe upya. Bomba la eksozi lilitakiwa kuwa nene zaidi. Uwiano wa gia ulikuwa tofauti, kwa hiyo rafadha (panga boi) ya zamani ikawa nzito mno: injini haikufikia mizunguko yake ya juu, ikatoa moshi mweusi mpaka tulipobadilisha rafadha. Anayekuuzia injini hakutajii hayo, na bei yake haina hata moja kati ya hayo.

Kuinyoosha injini ilingane na shafti inayozungusha rafadha ndiko kulikonifurahisha. Fundi aligoma kufunga kapulingi, kiungo cha gia na shafti, mpaka boti ikae majini siku mbili, kwa kuwa umbo lake hubadilika kidogo ikiwa juu ya stendi. Kisha akalala kifudifudi, fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) mkononi, akipima nafasi kati ya sahani mbili za kapulingi: juu, chini, kushoto, kulia. Anakaza nati ya mguu mmoja robo mzunguko, anapima tena. Alichukua mchana mzima mpaka tofauti ikashuka chini ya milimita 0.1. Mtikisiko uliokuwa ukilegeza skrubu za kabati langu umekwisha.

Injini yenyewe naipa nyota nne. Ndani ya bloku yanazunguka maji yasiyo ya chumvi yenye kulanti (dawa ya kuzuia kutu), ya bahari yanaishia kwenye kipozeo, na inawaka kwa mguso mmoja. Nyota ya tano imeliwa na aliyebuni mahali pa pampu ya maji: mfuniko wake unatazama ukuta, na kubadilisha impela (gurudumu la mpira linalosukuma maji) nafanya kwa kupapasa, kioo kidogo mdomoni, skrubu mbili zikiwa zimeshaangukia chini ya injini.