Nyota nne kwa wasaidizi wa kisheria Mwanjelwa, darasa lao la haki ya kuandamana

Wadau wa Mbeya, kama bado hamjafika kwenye darasa la Jumamosi la hawa wasaidizi wa kisheria huku Mwanjelwa basi nendeni, mi nawapa nyota nne na ya tano ntasema imekwama wapi. Ni bure, huulizwi chama chako, unaingia unakaa kwenye benchi na daftari lako.

Kilichonigusa ni kipindi cha maandamano na kesi za ugaidi. Dada anayefundisha hana makelele ya siasa, anafungua vitabu vya sheria mbele yenu. Katiba ya 1977 ibara ya 20, uhuru wa kukusanyika kwa amani. Sheria ya polisi, waandaaji wanatoa taarifa kituoni angalau masaa 48 kabla, ila polisi nao wana nguvu ya kuzuia wakisema amani itavunjika na mvutano wote unaanziaga hapo. Alafu akaja kwenye Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, na humo humo kifungu cha 4 kinasema mtu akivuruga huduma katika maandamano au mgomo huo sio ugaidi, ilimradi hakukusudia yale madhara mazito yaliyotajwa, kama kuua au kujeruhi watu. Mama mmoja anauza mchele sokoni akaomba arudiwe kusomewa taratibu, akasomewa, watu wote kimya wanaandika.

Kwanini hili ni kubwa, kwa sababu kesi ya ugaidi haina dhamana, yani hata ushahidi uwe mwepesi vipi wewe unasubiria ndani, biashara inakufa, watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Tuliona kwa Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema, alikamatwa Mwanza Julai 2021 kwenye harakati za kongamano la katiba mpya, akatoka Machi 4, 2022 pale DPP, yani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, alipofuta mashtaka ya ugaidi, zaidi ya miezi saba. Kwangu hiyo ni adhabu bila hukumu na siwezi kuikubali hata kwa mtu nisiyempigia kura. Na sisi Mbeya hatujasahau Agosti 2024, viongozi wa Chadema Lissu, Mnyika na Sugu pamoja na mamia ya vijana walivyokamatwa kisa mkusanyiko wa Siku ya Vijana, hawakupewa kesi ya ugaidi lakini woga ulibaki mitaani.

Akatoa na mfano wa Uingereza ambao sikuujua. Machi 2017 watu 15 walijifunga kuzunguka ndege uwanja wa Stansted isiondoke na watu waliokuwa wanarudishwa kwa nguvu Nigeria, Ghana na Sierra Leone. Hawakumpiga mtu. Wakashtakiwa kwa sheria ya usalama wa anga ya 1990, iliyokuja miaka miwili baada ya ndege kulipuliwa kwa bomu Lockerbie, Scotland, adhabu yake inafika kifungo cha maisha, Desemba 2018 wakatiwa hatiani. Walikata rufaa, na Januari 2021 mahakama ikafuta yote ikasema hawakupaswa kabisa kushtakiwa kwa kosa zito hivyo, hakukuwa na kesi ya kujibu. Miaka karibu minne ya maisha ya watu imeenda hapo! Ndo maana nasema sheria za mabomu zibaki kwa watu wa mabomu, mwenye bango ashughulikiwe kama mwenye bango.

Sasa ile nyota. Chumba ni kidogo, waliochelewa wanasikilizia dirishani, na nakala za vifungu ziliisha mapema. Pia waseme mapema kwamba wao sio mawakili, hawawezi kukusimamia mahakamani, wanakuelekeza tu kwa wakili, maana kuna mzee alikuja na makaratasi ya kesi ya kijana wake akidhani atatetewa pale pale. Walimpokea vizuri kwa kweli, wakakaa nae pembeni mpaka akaelewa.

Ombi langu kwao, hili darasa lipelekeni Uyole na Tukuyu, na awepo mtu wa kuwaelezea wazee kwa Kinyakyusa.