HandBrake kwa klipu za tovuti ya mteja: inatosha, ila kukata video usiitegemee

Kama una mteja anayetaka vivideo vifupi vicheze vyenyewe pale juu kwenye tovuti yake, usikimbilie kulipia Adobe kila mwezi. HandBrake ni programu ya kubana na kubadilisha video, ni ya bure, iko ya Windows, Mac na Linux, na kwa kazi hiyo mi naona inatosha kabisa. Mteja wangu ana kambi ya watalii pande za Jinja, ananitumia klipu za raft (boti za mpira) zikishuka Naili, za jikoni, za jua likizama, zote za iPhone kwa 4K. Sasa 4K ya fremu 30 kwa sekunde inakula kama MB 170 kwa dakika, halafu imebanwa kwa njia inayoitwa HEVC, ukiipakia hivyohivyo kuna brauza zitaonyesha weusi tu. Na mtu anafungua hiyo tovuti akiwa ndani ya teksi kwenye jam ya Mukono kwa MB za kununua, unadhani atangoja?

Kilichonikamata ni RF, ile namba ya ubora. Humwambii programu faili liwe na ukubwa gani, unaiambia ubora gani unataka, namba ikipanda ubora unashuka na faili linapungua. Wenyewe wanashauri 20 mpaka 24 kwa 1080p. Lakini banange usiweke namba moja kwa klipu zote! Kwa RF 23 ileile mpishi anayegeuza chapati anatoka faili dogo sana maana ukuta nyuma yake hausogei, ila raft kwenye povu inatoka nzito mara kadhaa, kwa sababu povu kila fremu ni jipya na programu haina cha kunakili kutoka fremu iliyopita. Kwa hiyo maji nayashusha 720p na RF 26, jicho halishtuki maana kila kitu kinakimbia. Anga la jioni ni kinyume chake, ukibana sana linakatika michirizi michirizi, hilo naliacha RF 20 na bado linatoka jepesi.

Halafu kuna kasanduku kadogo ka kuweka tiki kameandikwa Web Optimized, watu wanakapita tu. MP4 mara nyingi inaweka orodha yake ya ndani mwishoni mwa faili, hako kasanduku kanaileta mbele ili video ianze kucheza kabla haijashuka yote, kwa mtandao wetu huu hapo ndo kuna kazi. Sauti nayo itoe kabisa kwenye kichupo cha Audio, brauza hazikubali video yenye sauti ianze yenyewe. Na mwambie anayejenga tovuti aweke maneno muted na playsinline kwenye kodi ya video, la sivyo kwenye iPhone itajaza skrini nzima.

Codec, yaani njia ya kubana video? H.264, basi. AV1 inabana zaidi, kweli, ila kwa laptop ya zamani utasikiliza feni mpaka uchoke.

Sasa malalamiko. Kukata video humu ni mateso, hakuna ule mstari wa kuvuta kwa mausi, unaandika sekunde ya kuanza na ya kumaliza kama unajaza fomu, mi nakata kwenye simu kwanza. Ukitumia RF haikuambii faili litatoka na MB ngapi mpaka limalize. Orodha ya preseti (mipangilio iliyokwisha kuandaliwa) ni ndefu ovyo, nusu yake ni za vifaa ambavyo mteja wako hana, anza na Fast 720p30 ubadilishe kutoka hapo. Kwenye Windows itadai pia .NET Desktop Runtime, programu ya Microsoft ambayo HandBrake inaitegemea, hiyo ni downloadi nyingine kwa hiyo panga MB zako. Na chukua handbrake.fr tu, maana mwaka 2017 hata seva yao moja ya kudownloadia iliingiliwa watu wa Mac wakapewa virusi, sembuse hizi tovuti za kuokota.

Anayetaka kukata humohumo ajaribu Shutter Encoder, nayo ya bure. Mwenye klipu mia za aina moja na haogopi kuandika amri, FFmpeg itamfaa zaidi.

Umeme ukikatika katikati ya foleni ya klipu usipanik, ukiifungua tena inakuuliza kama irudishe foleni, ile klipu iliyokuwa inapikwa ndo inaanza upya.