Leza ya kuchomelea ya mkononi, wati 1500: stenlesi poa sana, shaba jipange

Wadau nina miezi sita na hii mashine, naandika mana wengi mnauliza kama inaipita TIG, ile ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya agoni.

Kwenye stenlesi ya milimita 2 sina neno kabisa, mshono mwembamba, bati halipindi mana joto linakaa sehemu ndogo sana, na kazi inakimbia.

Ila uelewe inavyochoma, la sivyo utaichukia. Nguvu ikiwa ndogo mwale unayeyusha juu juu tu, dimbwi pana halina kina. Ukipandisha, chuma kinachemka kabisa, mvuke unavyochomoka kwa kasi unakandamiza ule uji wa chuma na kufungua kitundu chembamba katikati, mwale ukishaingia humo unagonga kuta huku na huku na kila ukigonga unaacha joto, ndo mana ghafla unazama. Hata mlio unabadilika, ukizoea utaujua.

Shida ni hicho kitundu kikijifumba, gesi inanaswa ndani. Nilikata kipande cha alumini nikakipiga msasa, juu mshono unang'aa, ndani viputo kama vichwa vya pini vimejipanga, kiukweli niliumia. Siku hizi nasugua bati kwanza, naweka mwale uyumbe kidogo, naachia agoni ya kutosha, vimepungua sana.

Shaba sasa. Mwale wa leza hii una urefu wa wimbi wa nanomita 1080 hivi na shaba ikiwa baridi inarudisha zaidi ya asilimia 90 ya mwale, yaani unasubiri haiyeyuki, halafu ikishayeyuka inaanza kumeza joto zaidi na hapohapo inatoboka. Nimeharibu vipande vingi. Kama kazi zako nyingi ni shaba tafuta leza ya bluu, ile ya nanomita 450, hiyo shaba inaimeza vizuri tangu ikiwa baridi.

Kingine, cheche zinarukia kile kioo kidogo kinacholinda lenzi, doa moja tu likiganda linanyonya joto, nguvu inashuka na kioo kinapasuka. Weka vya akiba na ushike bunduki ya kuchomelea kwa mshazari.

Na miwani jamani!! Iwe ya leza ya nanomita hizohizo, sio kile kioo cheusi cha kuchomelea cha kawaida. Mwale wenyewe hauonekani kwa macho, na unaodunda kutoka kwenye bati nao unapofusha, hata aliyesimama pembeni. Mimi nimezungushia pazia la kuzuia leza, na asiye na miwani haingii nikiwa nachoma.