Uzoefu wangu na Paprika: mapishi niliyosevu kila kona sasa yako sehemu moja

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka: Paprika, apu ya simu ya kutunzia mapishi, inafaa, na ile hela niliyolipa nimeshairudisha zamani. Ila mtu asikwambie ukishaiweka kwenye simu ndo mapishi yako yamejipanga, hapana, kazi ya kuchambua unaifanya wewe mwenyewe na hiyo kazi ina faida kuliko hata apu yenyewe, nitaeleza.

Mi niko Sakina hapa Arusha, napika nyumbani kila siku na nachukua oda za keki, kwa hiyo mapishi kwangu ni kazi. Na yalikuwa kila kona jamani, video za Instagram na TikTok, Pinterest, skrinshoti zimechanganyika na picha za watoto na namba za umeme wa LUKU, linki za kwenye grupu la familia, afu voisi za mama toka Machame, Kilimanjaro. Ukitaka kupika kitu unaanza kupandisha na kushusha skrini, bando linaenda, unaangalia video nzima ili ujue tu mayai ni mangapi, mkono umejaa unga na simu inajizima.

Kitu kilichonisukuma ni kuelewa kwamba linki uliyosevu bado hujawa nayo. Mwenye video akiifuta au akifunga akaunti yake, kwako inabaki picha tupu. Na siyo mtu binafsi tu, hata makampuni makubwa. Yummly, ambayo watu wengi duniani walikuwa wanatunzia mapishi, ilizimwa Desemba 2024. Pocket ya Mozilla, ile ya kusevu makala usome baadaye, nayo ikafungwa tarehe 8 Julai 2025 na watu wakapewa miezi michache tu ya kutoa vitu vyao. Sasa wewe una pishi la keki ambalo wateja wanakujua nalo, unaliacha likae kwenye nyumba ya mtu mwingine kweli?

Paprika inavyofanya kazi ni hivi. Ndani yake kuna brauza, unafungua ukurasa wenye pishi, unabonyeza kitufe cha kupakua, apu inachukua jina, picha, mahitaji, hatua na muda, yale maelezo marefu ya bibi wa mwandishi na safari yake ya Italia inayaacha hukohuko. Inawezaje? Tovuti nyingi za mapishi za nje zinaweka lebo zisizoonekana kwenye ukurasa, hii ni mahitaji, hii ni hatua ya kwanza, kwa utaratibu wa schema.org ambao Google, Bing na Yahoo walianzisha pamoja 2011 ili injini za kutafuta zielewe kurasa. Apu inasoma hizo hizo lebo. Kwa hiyo tovuti zenye lebo pishi linaingia safi kwa kubonyeza mara moja, na blogu zetu nyingi za Kiswahili ambazo hazina lebo utakopi na kupesti mwenyewe, mahitaji sehemu yake, hatua sehemu yake. Za Instagram hivyo hivyo, unakopi maelezo ya chini ya video, na kama hayajaandikwa inabidi usikilize uandike. Inachosha kidogo sikatai. Lakini ukishamaliza pishi ni maandishi ndani ya simu yako, linafunguka hata bila bando, na siku mtandao unasumbua wewe unapika tu.

Sasa kuchambua. Kwenye Android toleo la bure linakubali mapishi 50 basi, na watu wengi wanalalamikia hilo, mi nalisifu. Usikimbilie kulipa. Anza na hizo nafasi 50 kwa sababu zinakulazimisha ujiulize kila pishi kabla hujaliingiza, hili nimeshawahi kulipika? Kama bado, nitalipika mwezi huu? Na vitu vyake navipata hapa mjini, soko la Kilombero au Soko Kuu, au ni mpaka niagize Dar? Ukijiuliza hivyo kwa ukweli utashangaa yanavyopukutika. Banana bread peke yake nilikuwa nazo rundo na zote ni kitu kilekile, tofauti ni picha. Nikabakisha ile ambayo watoto wanaimaliza. Mabawa ya kuku ya kila aina, futa. Vyakula vyenye jibini la majina nisiyoweza hata kuyatamka, futa. Biriani nimebakisha mawili, la haraka na la sikukuu, kwa sababu kweli ni vitu viwili tofauti.

Na usichambue siku moja. Shika sehemu moja, mfano skrinshoti tu, maliza, pumzika, wiki nyingine shika Pinterest. Ukishaingiza pishi kwenye apu lifute kule ulikolitoa palepale, la sivyo unakuwa na vitu viwili badala ya kimoja. Hili ni muhimu sana nalisisitiza.

Kwenye makundi apu inakuacha uweke yako, na pishi moja linaweza kukaa kwenye makundi mengi. Watu wanaandika kuku, nyama, mboga, vitafunwa, inapendeza kwa macho lakini mi nikitoka kazini jioni siulizi leo kuku au nyama, nauliza nina muda gani na kwenye friji kuna nini. Kwa hiyo makundi yangu ni Jioni haraka, Mwisho wa mwezi, Wageni, Oda, Shule ya watoto, na Mama. Tangu nipange hivyo naifungua kila siku, kabla ya hapo yale majina ya kitabuni nilikuwa siyagusi.

Hapa kwenye vipimo ndo nina mengi zaidi. Mapishi mengi ya mtandaoni ni ya Marekani, kikombe chao ni mililita 240 hivi, siagi wanayoiita stick moja ni gramu 113, na oveni wanasema 350 wakimaanisha Fahrenheit, kwetu ni karibia 180. Apu inaweza kubadilisha vipimo na kupunguza au kuongeza pishi, unaweka nusu au mara mbili na mahitaji yanabadilika yenyewe. Lakini angalia, yanabadilika mahitaji tu, namba zilizoandikwa ndani ya hatua zinabaki zilezile. Kama hatua inasema weka mayai 4 na wewe umepiga nusu, itaendelea kusema 4. Mi naondoa namba kwenye hatua kabisa, naandika weka mayai, basi. Na mapishi ya Kiswahili naandika namba mwanzo wa mstari, 2 vikombe unga, 3 mayai, haisomeki vizuri kwa mwalimu wa Kiswahili lakini apu inaidaka vizuri namba ikitangulia.

Afu kuna urefu wa mji wetu. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mapishi mengi yamejaribiwa na watu wanaokaa chini huko pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, gesi ya beking pauda inatanuka zaidi, keki inapanda mbio kabla haijashika afu inadidimia katikati. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, ndo maana maharage ya huku yanataka uvumilivu kuliko ya Tanga. Kila pishi kwenye Paprika lina sehemu ya maoni yako mwenyewe, mi hapo ndo naandika "Arusha: punguza beking pauda kidogo, ongeza maziwa kijiko, moto juu kidogo". Hata ndugu zangu wa Moshi ambao wako chini yetu, nikiwatumia pishi nawaambia wasifuate maoni yangu kama yalivyo. Pishi lenye maoni ya jiko lako lina thamani kuliko kumi uliyosevu ukiwa umelala kitandani.

Kundi la Mama sasa. Mama yangu hapimi, anakwambia nyama kiasi, ndizi zijae, chumvi uonje. Na kila akiulizwa anatuma voisi, zikawa zimetawanyika kwenye WhatsApp ya miaka. Nilienda Machame na mzani wa jikoni, kila alichotaka kutumbukiza namwambia mama subiri kidogo naweka kwenye mzani kwanza, mwanzo alinishangaa afu akawa ananiita mwenyewe njoo upime. Mtori wake sasa umeandikwa vizuri, ndizi mshare kilo ngapi kwa nyama ya mifupa kilo ngapi, mifupa ichemke muda gani kabla ndizi haijaingia, itolewe lini ndo uponde, supu irudi kidogo kidogo. Machalari yake yapo, kiburu kipo, vyakula vyetu vya ndizi vya Kichaga. Mdogo wangu alipojifungua na mama alikuwa hawezi kusafiri, nilifungua simu nikampikia mzazi mtori na akasema huu ni wa mama. Hilo kwangu ni kubwa kuliko mambo yote ya apu niliyoandika hapa. Kama una mama, shangazi au bibi anayepika kwa kuonja, hilo kundi ndo lianze kabla hujagusa hata video moja ya Instagram, kwa sababu video utapata nyingine.

Vitu vidogo navyovipenda: skrini haizimi ukiwa unapika, ukigusa hitaji linachorwa mstari kwamba umeshaweka, na ukigusa muda ulioandikwa kwa Kiingereza kwenye hatua, 25 minutes mfano, saa inaanza kuhesabu yenyewe.

Orodha ya manunuzi pia ni nzuri, unachagua mapishi ya wiki inajumlisha, kama keki inataka mayai 3 na pankeki 2 inaandika 5. Shida imepangwa kwa mashelfu ya supamaketi za nje, mikate, vyakula vya barafu na kadhalika. Unaweza kubadilisha, mi nimeweka Kilombero, Bucha, Duka la jumla na Mangi mwenye duka hapa mtaani. Nikiingia sokoni naangalia mstari wa Kilombero tu, nanunua nyanya sado, vitunguu, karoti, natoka, sirudi tena kwa ajili ya tangawizi niliyoisahau.

Yasiyopendeza niyaseme. Lugha ya Kiswahili hakuna. Video haiingizi, ni maandishi na picha, unaweza kubandika linki ya video kwenye pishi lakini siku ikifutwa ndo imefutwa. Na kila aina ya kifaa inanunuliwa peke yake, ukilipia Android haikupi ya iPhone wala ya kompyuta, na ile ya kompyuta ni bei, dola 29.99. Ya simu ni dola 4.99, kama elfu kumi na tatu hivi, unalipa mara moja siyo kila mwezi. Kwa simu peke yake inatosha sana, ya kompyuta sioni haja labda uwe unaandika kitabu.

Kwanini nililipa wakati 50 zinatosha? Kwa sababu toleo la bure halitunzi nakala mtandaoni, simu ikiibiwa au ikidumbukia kwenye ndoo, mtori wa mama umeenda nao. Ukilipa unafungua akaunti, ukiingia kwenye simu mpya vyote vinarudi. Nililipia kwa kadi ile ya kutengeneza kwenye simu, ya pesa za mtandao, Google Play ikakubali bila shida, weka salio la ziada kidogo kwa ajili ya makato.

Na hata baada ya kulipa, kwenye mipangilio kuna sehemu ya kutoa mapishi yako yote kama faili. Itoe mara moja moja ujitumie kwenye imeili, nyingine mtumie ndugu yako. Mi yangu anayo mdogo wangu Moshi.